Kumkabili Muqtada al-Sadr: njia nne zilizojaribiwa Iraq, na ipi inafaa wakati gani

Jeshi la kigeni limeiangusha serikali, limekaa nchini, na ndani ya wiki chache anaibuka sheikh kijana mwenye jina la baba aliyeuawa, misikiti nyuma yake na vijana wenye bunduki mbele yake. Afanywe nini? Akamatwe, apigwe, azungushiwe ukuta, au aitwe mezani? Wamarekani na washirika wao walikutana na swali hili Iraq mwaka 2003, na kufikia 2008 walikuwa wameyajaribu yote manne kwa Muqtada al-Sadr. Ndiyo sababu kisa chake kinafaa kulinganishia kuliko vingine: mtu ni yuleyule na harakati ni ileile, kilichobadilika ni mbinu na wakati wake.

Kwanza, ni nani huyo?

Baba yake, Ayatollah Mkuu Muhammad Sadiq al-Sadr, aliuawa Najaf, mji mtakatifu wa Mashia, Februari 1999 pamoja na wanawe wawili. Miaka ya 1990 alikuwa ameifufua swala ya Ijumaa miongoni mwa Mashia wa Iraq na kutuma wawakilishi wake katika mitaa ya walalahoi ambako maulamaa wakubwa wa Najaf hawakuwa wakionekana. Saddam Hussein alipoanguka Aprili 2003, mtandao huo ulikuwa bado hai: maimamu, misikiti, watu wa kugawa chakula, vijana wa kulinda hospitali zisiporwe. Kitongoji cha Baghdad kilichoitwa Saddam City, chenye wakazi takriban milioni 2, kikaitwa Sadr City mara moja. Jeshi la Mahdi lilizaliwa katikati ya mwaka huohuo.

Kutokana na historia hiyo, nguvu ya Muqtada haikuwa bunduki. Bunduki zilikuja baada ya msikiti na mkate. Na udhaifu wake ulikuwa elimu. Hakuwa mujtahidi, yaani mwanazuoni mwenye daraja ya kutoa hukumu za dini, na mbele ya Ayatollah Ali al-Sistani, mkubwa wa maulamaa wa Najaf, hakuwa na sauti ya kushindana. Anayelinganisha mbinu bila kuyaweka mambo haya mawili mezani atalinganisha silaha tu, na hatapata jibu.

Vipimo vya kutumia

*Askari.* Si idadi tu. Una moto mwingine unaowaka wapi wakati huohuo?

*Uso.* Watu watamwona nani akifanya kazi hiyo, mgeni au mwenyeji?

*Kesho yake.* Mapigano yakiisha, nani anashika mtaa, analinda soko, anazoa taka?

*Vipande.* Harakati ikivunjika, kipande kikali kinakwenda kwa nani?

*Raia.* Hiki ni cha sheria kabla hakijawa cha busara. Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 43, zinamtaka anayeikalia nchi arejeshe usalama na maisha ya kawaida kadiri awezavyo. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 33, unakataza kuwaadhibu wote kwa kosa la mmoja. Mpango wowote unaokiuka hayo umeshaharibika kabla haujaanza, hata ukionekana umefaulu kwenye ramani.

Njia ya kwanza: kumkamata au kumwua kiongozi

Inavyofanywa. Unahitaji hati ya hakimu mwenyeji, ushahidi unaoweza kusimama mahakamani, habari za uhakika za alipo, na kikosi kidogo cha kumchukua. Sehemu inayosahaulika ni ya tano: vikosi vilivyojiandaa siku hiyohiyo katika *kila* mji wenye wafuasi wake, si mji aliomo peke yake.

Kesi ilikuwepo. Tarehe 10 Aprili 2003 Sayyid Abdul Majid al-Khoei, aliyekuwa amerudi kutoka Uingereza, aliuawa na kundi la watu Najaf katika eneo la haram (kaburi takatifu) ya Imam Ali. Hakimu wa Iraq alitoa hati dhidi ya Muqtada. Hati ikawekwa kabatini kwa miezi, huku tarehe ya kuitekeleza ikisogezwa mbele kila mara, na wakati huo wote Jeshi la Mahdi likiandikisha vijana.

Kisha mambo yakaenda haraka, tena kwa mpangilio mbaya. Tarehe 28 Machi 2004 utawala wa Paul Bremer, Mmarekani aliyeitawala Iraq wakati huo, ulifunga gazeti la Muqtada, al-Hawza, kwa siku 60. Tarehe 31 Machi walinzi wanne wa kampuni ya Blackwater waliuawa Fallujah, na maandalizi ya kuuvamia mji huo wa Wasuni yakaanza. Tarehe 3 Aprili msaidizi wake Mustafa al-Yaqoubi alikamatwa. Tarehe 4 Aprili Sadr City, Najaf, Kut, Nasiriyah na miji mingine ya kusini ikalipuka kwa pamoja. Siku iliyofuata ndipo hati ya Muqtada mwenyewe ilipotangazwa. Alikuwa ameshaonywa na gazeti, akaonywa tena na msaidizi, na sasa alikuwa na maelfu ya vijana barabarani.

Kasoro haikuwa wazo la kumkamata. Ilikuwa kumchokoza bila kumshika. Hatua ndogo tatu zilimpa kila alichohitaji kujionyesha kama mdhulumiwa, na hakuna hata moja iliyomnyang'anya kitu cha maana.

Gharama ya askari: kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Wanajeshi wapatao 20,000 waliokuwa karibu kurudi nyumbani walibakizwa siku 90 zaidi. Mji wa Kut uliwatoka wanajeshi wa Ukraine, washirika wao, ikabidi Wamarekani wauchukue upya.

Uso: hakimu alikuwa Mwiraki, lakini gazeti lilifungwa na Mmarekani, na hilo ndilo watu waliloliona.

Vipande: kumwondoa kiongozi hakuondoi mtandao. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wa karibu. Aden Hashi Ayro wa al-Shabaab aliuawa kwa shambulio la anga Dhusamareb Mei 2008, na kiongozi wao mkuu Ahmed Godane akauawa Septemba 2014. Kundi lilipata mwingine mara zote mbili, na wanajeshi wa Uganda, Burundi na Kenya waliendelea kuzikwa. Kwa harakati iliyojengwa juu ya nasaba ya shahidi, kama ya Sadr, hatari ni zaidi: unamwongezea shahidi wa tatu juu ya wawili alionao, yaani baba yake na baba mkwe wake Muhammad Baqir al-Sadr, aliyeuawa na serikali ya Saddam Aprili 1980.

Inamfaa nani? Mwenye mahakama ya wenyeji inayoaminika, mwenye kesi ya jinai iliyo wazi, na aliye tayari kutekeleza mapema, kabla wanamgambo hawajapanga safu. Dirisha hilo Iraq lilikuwa wazi mwaka 2003. Machi 2004 lilikuwa limeshafungwa.

Njia ya pili: kulivunja jeshi lake vitani

Inavyofanywa. Unamzingira mahali alipojikusanya, unakata njia za silaha, unasogea mtaa kwa mtaa, na unaamua *mapema* utaishia wapi.

Mfano ni Najaf, Agosti 2004. Mapigano yalianza tarehe 5. Askari wa majini wa Marekani, baadaye wakiungwa mkono na vikosi vya vifaru vya jeshi la nchi kavu, waliingia Wadi al-Salam, moja ya makaburi makubwa kuliko yote duniani. Huwezi kuelewa vita vile bila kuiona sehemu hiyo. Makaburi yake ni vijumba vya matofali vilivyosongamana, vingine vyenye vyumba chini ya ardhi vinavyoshukiwa kwa ngazi. Mpiganaji anafyatua, anashuka, anatokea kaburi jingine nyuma yako. Kifaru hakipiti bila kubomoa mfupa wa babu wa mtu, na Mashia wa nchi nyingi wamezika watu wao hapo. Joto la Agosti ndani ya deraya linaangusha askari wasioguswa na risasi.

Kijeshi, Jeshi la Mahdi lilipigwa vibaya. Kufikia wiki ya tatu lilikuwa limebanwa kwenye haram yenyewe. Hapo ndipo kila mbinu ya aina hii hukwama: hatua ya mwisho ni kuingia mahali patakatifu, na hakuna anayeweza kuiagiza bila kuwageuza waumini ambao hadi siku hiyo walikuwa wakimchukia sheikh huyo. Waziri Mkuu wa muda Iyad Allawi alitishia, akasita, akatishia tena.

Aliyelimaliza ni Sistani. Alikuwa London kwa matibabu ya moyo. Alirudi kupitia Basra, akaita watu waandamane naye hadi Najaf, na usiku wa tarehe 26 Agosti makubaliano yakafikiwa: wapiganaji watoke, majeshi ya kigeni yaondoke mjini, polisi wa Iraq washike ulinzi, walioharibiwa mali walipwe fidia. Funguo za haram zikakabidhiwa kwa watu wa Sistani. Muqtada akatoka akiwa huru, na wengi wa wapiganaji walionusurika wakaenda Sadr City.

Mbinu hii ilishinda au ilishindwa? Inategemea unapima nini. Ilimfundisha Muqtada kwamba hawezi kuisimamia vita ya ana kwa ana. Iliuacha mji wa kale wa Najaf magofu. Na kesho yake ilikuwa nzuri kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu aliyekabidhiwa mji alikuwa na heshima kuliko aliyepigwa. Bila Sistani, sioni vita vile vingekwisha vipi isipokuwa kwa msiba.

Inamfaa nani? Anayekabiliana na wanamgambo waliojitenga na makazi ya watu, na ambaye ana mkubwa wa dini wa hapohapo, mwenye daraja juu ya sheikh huyo, aliye tayari kuupokea mji. Kama mkubwa huyo hayupo, usianze.

Njia ya tatu: kuutenga mtaa na kuuhudumia

Hii ina nusu mbili, na ukifanya moja bila nyingine unapoteza.

Nusu ya kwanza ni huduma. Mwaka 2004 Jenerali Peter Chiarelli wa Divisheni ya Kwanza ya Farasi aliiangalia Sadr City akaona kile ambacho wakazi walikiona kila asubuhi: maji taka yanatuama barabarani hadi kwenye vizingiti vya milango. Kazi zilipangwa kwa mpangilio wa mahitaji, mitaro kwanza, kisha maji safi, umeme na taka, zikiajiri vijana wa mtaa wenyewe, wale ambao vinginevyo wangelipwa kubeba roketi ya begani. Oktoba 2004 ukaongezwa mpango wa kununua silaha. Kinachoharibika hapa kinajulikana: mradi mkubwa unaosubiri zabuni huchukua miezi, na kijana hasubiri miezi. Silaha zinazoletwa kwanza ni kuukuu. Mapigano yakirudi, mkandarasi anakimbia na mtaro unabaki wazi, ukiwa tusi kuliko usingechimbwa kabisa.

Nusu ya pili ni ukuta. Machi 2008 Waziri Mkuu Nouri al-Maliki aliongoza operesheni dhidi ya wanamgambo wa Basra, na Sadr City ikajibu kwa kumimina roketi kwenye Ukanda wa Kijani, eneo la Baghdad lenye ofisi za serikali na ubalozi wa Marekani. Roketi nyingi zilikuwa za milimita 107, zenye masafa ya takriban kilomita 8. Hesabu ikawa rahisi: ukizishika sehemu za kusini za kitongoji, zilizo chini ya barabara ya al-Quds, roketi hizo hazifiki. Brigedi ya Kanali John Hort ilianza katikati ya Aprili kupanga vipande vya zege kando ya barabara hiyo, vipande takriban 3,000, kila kimoja na kimo cha zaidi ya mita 3.5. Tazama kazi yenyewe ilivyokuwa: kreni inanyanyua kipande cha tani kadhaa, vifaru viko pande mbili, askari anapanda ngazi chini ya risasi kukifungua mnyororo, kreni inasogea hatua moja, kipande kingine. Kwa takriban mwezi mzima. Wapiganaji walielewa kwamba ukuta ungewakata na soko la Jamila, lililokuwa mfereji wa fedha zao, wakatoka kuushambulia, na kwa kutoka wakaonekana na ndege zisizo na rubani. Katikati ya Mei wakaomba kusitisha. Tarehe 20 Mei jeshi la Iraq likaingia sehemu ya kaskazini bila Mmarekani hata mmoja.

Askari: brigedi nzima na anga iliyojaa ndege. Mwenye vikosi vichache hawezi.

Uso: mchanganyiko. Zege liliwekwa na mgeni, mtaa ulipokewa na mwenyeji.

Raia: mamia ya watu walikufa Sadr City katika wiki zile, wakiwemo wengi wasio na bunduki, na mtu aliyeamka upande wa kaskazini wa ukuta aliachana na duka lake lililo kusini. Milango ya kupitia lazima iwekwe siku ileile ukuta unapofungwa, na chakula, wagonjwa na wanafunzi wapite. Asiyeweza kuuhudumia mtaa anaoufunga ameugeuza jela, na kifungu cha 33 kinamhusu.

Inamfaa nani? Aliye mjini penye msongamano, mwenye lengo finyu (kuzuia roketi, kulinda soko), na mwenye jeshi la wenyeji lililo tayari kuingia baada yake. Haifai kama dawa ya harakati nzima.

Njia ya nne: kumpa mlango wa siasa

Inavyofanywa. Usitishaji mapigano, viti bungeni, wizara, na kuwatenganisha wanaokubali na wanaokataa.

Wafuasi wa Sadr waliingia muungano wa Mashia katika uchaguzi wa Desemba 2005, wakapata viti vipatavyo 30, wakamsaidia Maliki kushika uwaziri mkuu 2006, na wakapewa wizara 6, Afya ikiwa miongoni mwao. Hapa ndipo bei inapoonekana. Baada ya haram ya al-Askari ya Samarra kulipuliwa tarehe 22 Februari 2006, vita vya madhehebu vilifumuka, na Wasuni wa Baghdad wakaanza kuogopa kumpeleka mgonjwa hospitalini, kwa sababu walinzi wa wizara na wanamgambo walikuwa walewale. Kumwingiza sheikh serikalini bila kumtaka aache bunduki mlangoni ni kumpa bunduki, mishahara na magari ya wagonjwa.

Lakini njia hiyohiyo ilifanya kazi mwaka uliofuata, kwa sababu hali ilikuwa imegeuka. Vikosi vya nyongeza vya Marekani chini ya Jenerali David Petraeus vilikuwa vimefika. Agosti 2007 wafuasi wa Sadr walipigana na walinzi wa haram Karbala wakati wa ziara ya nusu Shaabani, na zaidi ya watu 50 wakafa, mahujaji wakiwamo. Jina lake likachafuka kwa Mashia wenyewe. Tarehe 29 Agosti aliagiza Jeshi la Mahdi lisimame miezi 6, kisha akaongeza muda Februari 2008. Wamarekani, kwa haki yao, waliutumia mwanya vizuri: wakaanza kumtaja hadharani kwa heshima kama Sayyid, wakasema kila anayepiga roketi sasa ni mhalifu anayemwasi yeye, na wakawaandama hao tu. Hilo lilimpa sababu ya kushika ahadi bila kuonekana amenyenyekea.

Vipande: hapa ndipo njia hii huumiza. Waliokataa kusimama walihamia makundi yenye mkono wa Iran, kama Asa'ib Ahl al-Haq la Qais al-Khazali, aliyewahi kuwa msaidizi wa Sadr. Somalia ilikuwa vivyo hivyo: Sheikh Sharif Ahmed wa Mahakama za Kiislamu alikubaliana na serikali Djibouti 2008, akawa rais Januari 2009, na al-Shabaab wakaendelea kumpiga yeye.

Kuna toleo moja la njia hii la kuepukwa. Mwaka 2007 Waingereza huko Basra waliafikiana kimyakimya na wanamgambo: wafungwa waachiliwe, mashambulio yapungue. Septemba wakatoka kasri la mjini kwenda uwanja wa ndege. Mashambulio dhidi yao yalipungua kweli. Ila mji ukabaki kwa wanamgambo, na wanawake wakauawa kwa kisingizio cha mavazi na mwenendo. Kwa kipimo cha askari wao walifaulu. Kwa kipimo cha kifungu cha 43 na cha mkazi wa Basra, sivyo. Machi 2008 Maliki ilibidi aingie kuuchukua mji, zaidi ya askari na polisi 1,000 wake wakaacha kazi au kukataa kupigana, na mapigano yakasimama tarehe 30 kwa upatanishi uliofanyika Qom, Iran.

Inamfaa nani? Mwenye nguvu uwanjani wakati anapouweka mkono mezani, na anayeweza kudai sharti la silaha na kulisimamia. Dhaifu akizungumza hupata utulivu wa kambi yake tu.

Kwa hali yako

Uko miezi ya mwanzo, sheikh ana jina lakini bado hana safu: mpe hakimu mwenyeji kesi, na ama itekelezwe ndani ya wiki chache ama iachwe. Usiifungie kabatini, na usiguse gazeti.

Una mji mwingine unaowaka: usifungue uwanja wa pili kwa hiari. Fallujah na Najaf kwa mkupuo mmoja ziliwashinda hata wenye vifaru vingi.

Wapiganaji wamejifungia mahali patakatifu: bana, usiingie, na tangu siku ya kwanza mtafute mwenye daraja ya juu zaidi ya dini. Ukimtafuta wiki ya tatu, watu wengi watakuwa wamekufa bure.

Roketi zinatoka mtaa wenye watu wengi: pima masafa yake, shika sehemu ile tu inayozikatisha, weka ukuta pamoja na mitaro na milango, na panga tarehe ya kumkabidhi mwenyeji.

Amejichafua mwenyewe, kama Karbala: funga mdomo wa bunduki upande wako, mfungulie mlango, mtaje kwa heshima, na waandame wanaomwasi tu.

Unajiandaa kuondoka: hesabu kwamba atabaki. Sadr alirudi kutoka Iran Januari 2011, mwaka ambao majeshi ya Marekani yaliondoka. Muungano wake ukaongoza uchaguzi wa 2018 kwa viti 54, na 2021 kundi lake likapata viti 73. Basi kabla ya kutia saini chochote, andika nani anashika vituo vya polisi, nani anasimamia hospitali, wafungwa gani wanaachiliwa kwa kosa lipi, na nani mwenyeji atakayeuliza ahadi ikivunjwa.